Ruhusa ya Wimbo Inanunuliwa Wapi Kondoa?

Mwishoni mwa 2019 wimbo "Uno" wa Harmonize uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba ndani yake mna biti aliyoitengeneza yeye kwa ajili ya "Dundaing" ya King Kaka. Hapakuwa na hati ya wito wala hakimu, na hakuna shahidi aliyekula kiapo. Malalamiko yalipelekwa kwa kampuni ya Marekani, na wimbo uliokuwa ukipigwa kila kona ya Tanzania ukatoweka, kisha baadaye ukarudi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe MwanaFA na AY shilingi bilioni 2.18 kwa kuzitumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila idhini. Shauri hilo lilikula miaka na mawakili, na likaendelea hadi kwenye rufaa. Katika matukio haya mawili tunaona njia mbili ambazo hakimiliki ya muziki humfikia mtu katika nchi zetu. Ya kwanza ni mahakama, inayotumiwa na wenye uwezo wa kungoja. Ya pili ni utaratibu wa jukwaa la mtandaoni, unaomkuta yeyote mwenye simu na kifurushi cha intaneti, awe Kinondoni au Kondoa.

Kondoa inafaa kuchunguzwa kwa sababu iko mbali na studio, kampuni na ofisi zinazouza haki za muziki, lakini haiko mbali tena na hadhira. Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati, iliyozinduliwa 2018, inapita hapo, na mtandao wa simu nao umefika. Wapo wapiga video wa harusi na mahafali, na wapo vijana wanaorekodi michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wapo pia wanaopandisha maulidi na kaswida, na wanaoeleza kilimo cha alizeti na ufuta au kuonyesha bei za mnadani. Wote wanahitaji muziki, kwa sababu video isiyo na muziki mtazamaji huiacha haraka. Na wote wakitaka kuupata muziki wa Kitanzania kwa njia halali, wanakutana na jambo moja: hakuna anayewauzia. Hoja yangu ni kwamba chanzo cha matatizo ya hakimiliki kwa mtengenezaji mdogo wa video nchini ni kukosekana kwa ruhusa ndogo, ya bei ndogo, inayopatikana kwa simu. Ukali wa sheria na tabia ya wizi vinatajwa sana, lakini vyote viwili vinakuja baada ya pengo hilo. Na anayelipia pengo hilo kuliko wote ni mwanamuziki wa hapa nyumbani.

Tuanze na harusi ya Jumamosi mjini Kondoa, maana ndiyo kazi inayowalisha wapiga video wengi. Bibi harusi anaingia ukumbini, DJ anapiga wimbo wa Bongo Fleva, ndugu wanatuza, MC anatania. Ukumbi unaweza kuwa umelipia kibali cha kupiga muziki hadharani. Mpiga video anarekodi, anarudi studio, anaondoa sauti iliyojaa mwangwi wa spika, na mahali pake anaweka wimbo uleule ulio safi alioupakua mtandaoni. Kisha anamkabidhi mteja kazi yake kwenye flashi, na dakika nne zilizo nzuri kuliko zote anaziweka kwenye chaneli yake ili wateja wengine wazione. Kwa macho ya watu wengi hapo limetendeka jambo moja tu, kurekodi harusi. Kwa macho ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 yametendeka mambo kadhaa. Kupiga wimbo ukumbini ni jambo moja, kuunakili na kuufunga kwenye picha ni jingine, na kuusambaza kwa umma mtandaoni ni la tatu. Kibali cha ukumbi kinagusa la kwanza peke yake. Halafu katika wimbo mmoja mna mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi; na rekodi yenyewe, ambayo huwa ya aliyegharimia studio au ya kampuni ambayo msanii amesaini nayo. Anayemfahamu msanii na kupewa ruhusa kwa mdomo anaweza kuwa amepata nusu tu ya anachokihitaji.

Sheria hiyohiyo imeacha nafasi. Mtu anaweza kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi, kunukuu kwa kiasi kinachostahili, kutumia kazi kufundishia, na anayeripoti tukio la sasa anaweza kuonyesha kilichosikika kwenye tukio hilo kwa kadiri habari inavyohitaji. Kwa hiyo anayerekodi habari ya mnada, na kwa nyuma ukasikika wimbo kutoka duka la jirani, ana hoja nzuri ya kujitetea. Anayeuondoa mlio wa mnada na kuweka wimbo kamili juu ya picha za ng'ombe amejivua hoja hiyo. Adhabu nazo si za utani. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinasema anayetumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu, hata bila nia ya biashara, atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa biashara, kiwango cha chini ni milioni 20 au miaka mitano. Ukikichukua kifungu hicho kama kilivyoandikwa, mpiga video wa harusi anayejitangaza mtandaoni yumo ndani yake. Sheria inayowaweka karibu wafanyakazi wote wa fani moja kwenye hatari ya jela, huku ikijulikana kuwa haitatekelezwa juu yao, inazoesha watu kuidharau. Huo ni upungufu wa sera. Haufuti haki ya msanii.

Mahakama, hata hivyo, haionekani sana katika maisha ya mtengenezaji wa video. Kinachoonekana ni taarifa inayofika kwenye simu usiku: video yako ina maudhui yenye hakimiliki. Vijana wanaita kupigwa kopiraiti, na ndani ya neno hilo moja wanachanganya mambo mawili yenye uzito tofauti kabisa. YouTube ilianzisha mfumo wa Content ID mwaka 2007. Wenye haki huweka humo nakala za kazi zao, na mashine hulinganisha kila video inayopandishwa. Sauti ikifanana, mwenye kazi huwa ameshachagua nini kitokee: video izuiwe, iachwe lakini mapato ya matangazo yaende kwake, au iachwe huku akifuatilia watazamaji. Hili ni dai. Chaneli haipati adhabu, isipokuwa fedha zinabadilisha njia. Straiki ni kitu kingine: mwenye haki anapeleka ombi rasmi la kisheria la kuondoa video, na straiki tatu ndani ya siku 90 zinaweza kuifuta chaneli nzima pamoja na kazi za miaka. Mtu anayefuta video zake zote kwa hofu baada ya kupata dai amejiumiza bure, na anayepuuza straiki kwa kuidhani ni dai yuko hatarini zaidi.

Mbinu za kuikwepa mashine zinafundishwa mitaani kwa uhakika wa ajabu. Eti sekunde thelathini ni halali. Hakuna kifungu cha namna hiyo, wala hapa wala Marekani. Eti ukiandika chini ya video kwamba wimbo si wako, unakuwa umejikinga, kumbe umekiri. Eti ukiongeza kasi ya wimbo au ukaupandisha sauti kidogo mashine haitautambua. Mara nyingine haitambui, lakini mwenye wimbo ana masikio, na kuharibu wimbo ili usitambulike ni kosa la pili juu ya la kwanza. Mbinu hizi zimeenea kwa sababu hakuna mtu mwenye mamlaka anayewaambia watu hawa kwa Kiswahili chepesi wafanye nini badala yake. Semina zipo Dar es Salaam na Dodoma mjini, nazo huwalenga wasanii. Mtumiaji wa muziki huambiwa asiibe, na mafunzo yanaishia hapo.

Je, mashine hiyo ni ya haki? Takwimu za YouTube yenyewe zinasaidia kupima. Katika nusu ya kwanza ya 2021 kulikuwa na madai zaidi ya milioni 722 kupitia Content ID. Chini ya asilimia moja yalipingwa, na kati ya yaliyopingwa, asilimia 60 hivi yaliamuliwa kwa faida ya aliyepandisha video. Kampuni huisoma hiyo chini ya asilimia moja kama ushahidi kuwa mfumo unafanya kazi. Mimi naisoma namba ya mwisho kwa makini zaidi. Ikiwa wanaothubutu kupinga wanashinda mara nyingi kuliko kushindwa, tunapaswa kujiuliza kwa nini wanaothubutu ni wachache. Anayepinga dai hadi mwisho anaweza kufikishwa kwenye straiki, na fomu ya kupinga straiki inamtaka mtu aandike jina na anwani yake, aape kwamba anaamini video iliondolewa kimakosa, na, kama yuko nje ya Marekani, akubali mamlaka ya mahakama ya California kama atashtakiwa. Kijana wa Kolo mwenye hoja halali kabisa atasoma sentensi hiyo na kuifunga simu. Waongo nao hawakuogopa: huko Phoenix, Arizona, watu wawili waliunda kampuni wakaiita MediaMuv, wakadai umiliki wa zaidi ya nyimbo 50,000 za muziki wa Amerika ya Kilatini ambazo hazikuwa zao, na wakavuna zaidi ya dola milioni 20 kabla ya kushtakiwa mwaka 2021. Mfumo ule uliwaamini kwa sababu walikuwa wa kwanza kuandikisha. Kwa nchi ambayo muziki wake mwingi haujaandikishwa popote, kisa hicho ni onyo linalotuhusu moja kwa moja.

Kuna pingamizi linalosemwa na wapiga video kwa moyo safi, nalo linastahili jibu zima. Wanasema: mimi namtangaza msanii bure. Wimbo wake unasikika Kondoa, Bereko na Pahi kupitia video zangu, na watu wakiupenda wanautafuta, angepaswa kunishukuru. Kwa sehemu hili ni kweli, na wasanii wenyewe wanalijua, ndiyo maana wanawaomba mashabiki wachezee nyimbo zao TikTok. Lile chaguo la pili la Content ID, la kuiacha video na kuchukua mapato ya matangazo, ni jibu la kibiashara kwa hoja hii hasa. Kwa mpiga video anayetumia chaneli kama kabati la kuonyesha kazi zake, mpango huo haumdhuru. Mteja anaona video na kumpigia, msanii anapata senti zake. Lakini kwa anayetaka kuishi kwa chaneli yenyewe, aliyehangaika kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ili aruhusiwe kulipwa kwa matangazo ya kawaida, dai juu ya wimbo wa dakika mbili linaweza kuondoka na mapato ya filamu fupi ya dakika ishirini aliyoitengeneza kwa jasho lake. Hapo uwiano umepotea.

Lakini hoja ya kutangaza inaanguka kwenye jambo kubwa zaidi ya fedha. Mei 2022, muungano wa Azimio la Umoja nchini Kenya ulipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, video iliyowekwa mtandaoni ilitumia "Extravaganza" ya Sauti Sol. Kundi hilo lilitoka hadharani kulalamika kwamba halikuombwa ruhusa na halikutaka kuhusishwa na kampeni ya chama chochote. Hakuna aliyeweza kuwaambia Sauti Sol kwamba walikuwa wanatangazwa bure. Wimbo unapofungwa kwenye picha unabeba maana ya picha hiyo, na anayeruhusiwa kuamua uende na picha gani ni mwenye wimbo. Kwaya iliyotunga wimbo wa maombi ina haki ya kukataa usitumike kuuza kinywaji. Ustadh aliyetunga kaswida ana haki ya kukataa isiwekwe juu ya picha za disko. Mtu anayekubali hoja hii kwa upande wa dini, na Kondoa watu wengi wataikubali mara moja, hana namna ya kuikataa kwa upande wa Bongo Fleva.

Basi, wengine watasema, tumieni muziki wa bure. YouTube ina maktaba yake, na zipo kazi nyingi zenye leseni za Creative Commons ambazo sharti lake mara nyingi ni kumtaja mtunzi. Kisheria ushauri huu ni mzuri, na mtengenezaji anayeanza leo auchukue. Lakini tuangalie unazaa nini ukiwa ndio suluhisho pekee. Mtu anapanda hadi kwenye miamba ya Kolo, anarekodi watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu wa kale, anaeleza kwa Kiswahili kizuri, na chini ya maneno yake inasikika gitaa ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya matangazo ya dawa za meno. Mlima ni wetu, lugha ni yetu, sauti ni ya popote. Na wakati huohuo katika uwanda huuhuu wa kati kuna zeze na marimba ya vidole ya Wagogo, kuna muheme unaopigwa na wanawake, kuna nyimbo za Warangi za harusi na jando, na kuna uimbaji wa Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba iliyotoka ubavuni mwa Kondoa. Muziki wa kuifaa video ya Kolo upo umbali wa mwendo wa pikipiki. Hautumiki, kwa sababu hakuna rekodi safi, hakuna aliyeandikisha, na hakuna anayejua amwombe nani.

Waliojua walikuja na vifaa vyao zamani. Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doduma aliyefariki 2003, alirekodiwa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza, na albamu yake "Chibite" ikatoka 1996. Mtafiti Mhispania Polo Vallejo alirekodi nyimbo za Wagogo, na mwaka 2000 zikatolewa Ufaransa chini ya lebo ya Ocora. Hizi ni kazi za heshima, na bila hizo tungepoteza mengi. Lakini ziangalie kwa jicho la mashine. Rekodi ya Ulaya ina namba, ina mmiliki, ina msambazaji wa kidijitali. Inaweza kuwekwa ndani ya Content ID. Bibi wa Bahi anayeimba melodi ileile aliyorithi kwa mama yake hana namba. Kisheria melodi ya asili haimilikiwi na Real World wala Ocora, kwa kuwa wao wana haki juu ya rekodi zao tu. Kimtambo, hata hivyo, aliyeandikishwa ndiye anayejulikana, na asiyeandikishwa hayupo. Ikitokea siku moja video ya bibi huyo ikapata dai kutoka kwa mtu aliyewahi kurekodi melodi hiyo, mzigo wa kujieleza utakuwa wa mjukuu wake mwenye chaneli.

Hapa natarajia pingamizi kutoka upande wa pili: ngoma ni ya wote, haina mwenyewe, kwa hiyo mtu achukue tu. Sheria ya 1999 haisemi hivyo. Ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi. Matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji idhini, inayotolewa kupitia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na jamii au mahali sanaa hiyo ilipotoka panapaswa kutajwa. Wazo ni zuri, na hasa hilo sharti la kutaja chimbuko ningependa lifuatwe hata na wanaoandika maelezo chini ya video bila kutafuta faida yoyote. Udhaifu uko kwenye mpangilio. Idhini ya ngoma ya kijiji cha Haubi inatolewa na baraza la taifa, na Haubi yenyewe haina uhakika wa kuona hata shilingi. Kijana wa kijijini humo anayetaka kuuza video ya ngoma ya babu zake anajikuta kwenye utaratibu uleule na kampuni ya matangazo kutoka Nairobi. Mlinzi amewekwa, mwenye nyumba hajaulizwa.

Ruhusa ndogo ninayoitetea inaweza kujengwa kwa vitu ambavyo tayari tunavyo. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliigeuza COSOTA, iliyoanza kazi 2001 kama chama cha hakimiliki, kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na yakafungua mlango kwa taasisi za wasanii wenyewe kukusanya na kugawa mirabaha. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kurekodi na kunakili kazi za sanaa. Fikiria maana ya tozo hii kwa mpiga video. Serikali imekubali kwamba vifaa vya kurekodia vinahusiana na muziki wa watu, ikatoza, lakini anayelipa hakupewa ruhusa yoyote mpya kwa malipo hayo. Nchi nyingi za Ulaya zinazotoza vifaa humwachia mlipaji walau haki ya wazi ya kujinakilia nyumbani, ambayo sheria yetu ilikuwa imeshaitoa kabla ya tozo. Hapa kwetu hatua ya pili ingekuwa kumwuzia aliyekwisha kulipa tozo hiyo ruhusa ya wazi kwa kazi yake: tuseme shilingi elfu tano kwa video moja ya sherehe, au kiasi kimoja kwa mwaka kwa studio iliyosajiliwa, vilipwe kwa simu, na vitoke na namba ya ruhusa ambayo mtu anaweza kuibandika chini ya video yake. Vibali vya baa, hoteli na mabasi vina viwango vyake siku nyingi. Studio ya video ya mjini Kondoa ni mtumiaji wa muziki kama baa, tena mwenye kumbukumbu nzuri zaidi ya wimbo gani umetumika na mara ngapi.

Mjuzi wa biashara hii atasema taasisi ya Tanzania haiwezi kuuza kisicho chake. Nyimbo kubwa ziko mikononi mwa kampuni na wasambazaji wa nje. Rose Muhando, sauti ya injili iliyokulia kwenye kwaya za Dodoma, alisaini na Sony Music mwaka 2011, na haki ya namna hiyo haitolewi na ofisi ya serikali. Zaidi ya hapo, hata ruhusa ikiuzwa Kondoa, mashine ya California haitaijua na itaendelea kupiga. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote. Jibu langu ni kwamba ruhusa ianze na wanaotaka kuiuza. Wasanii wengi nchini hawana kampuni ya nje, hawapati mapato ya maana mtandaoni, na wangefurahi kuwemo kwenye orodha ya nyimbo zinazolipiwa elfu tano na wapiga video wa wilaya zote. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki. Ukizigawa kwa watu zaidi ya elfu moja utaona kwa nini chanzo kipya, hata kidogo, si cha kubeza. Kuhusu mashine, wenye haki waliomo ndani ya mfumo wanaweza kuiorodhesha chaneli fulani ili isiguswe na madai yao, na wasambazaji hufanya hivyo kila siku kwa wateja wao. Taasisi ya mirabaha yenye mkataba na wasambazaji wachache inaweza kupeleka orodha ya chaneli zilizolipia. Hiyo ni kazi ya karani mwenye kompyuta, haihitaji sheria mpya.

Sheria mpya inahitajika kwa jambo moja, nalo ni la upande wa anayedaiwa. Kenya iliingiza kwenye Sheria yake ya Hakimiliki, kwa marekebisho ya 2019, utaratibu ulioandikwa wa kuomba maudhui yaondolewe na wa kupinga ombi hilo. Sisi tuna kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinachoruhusu mtu kumtaarifu mtoa huduma juu ya maudhui yanayovunja haki, lakini aliyeonewa na taarifa ya uongo hana njia ya Kiswahili, ya bei nafuu na ya karibu. Ofisi ya Hakimiliki ingeweza kupewa uwezo wa kusikiliza mgogoro mdogo wa namna hii kwa maandishi, na kutoa cheti kwamba video fulani ina ruhusa au haivunji haki. YouTube haitalazimika kukitii, ila mtu anayepinga dai akiwa na cheti cha mamlaka ya nchi yake yuko mbali na anayepinga kwa kuandika kwamba ameonewa.

Wakati hayo yakingojewa, mtengenezaji wa Kondoa anaweza kujinunulia ruhusa kwa karatasi moja. Mtunzi, pamoja na prodyuza wa biti, na mwenye rekodi waandikwe majina yao kamili, kwa kuwa mali ni mbili. Wimbo utajwe. Yaandikwe matumizi: kufungwa kwenye video, kuwekwa kwenye majukwaa yapi, kwa muda gani, na kama mapato ya matangazo yatabaki kwa mwenye chaneli au yatagawanywa. Kama wimbo umeshapelekwa kwa msambazaji, iandikwe kwamba mwenye wimbo atamwagiza msambazaji aiorodheshe chaneli hiyo. Kiasi kilicholipwa kionekane, hata kama ni kidogo, na wote watie saini. Karatasi hiyo, ikipigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu, ndiyo itakayoambatishwa siku ya kupinga dai. Studio tatu za mji mmoja zikichanga na kumlipa prodyuza wa Dodoma atunge biti kumi za harusi, zikiwa na ngoma za Kirangi ndani yake na mkataba wa namna hii, zitakuwa zimepata muziki ambao hazitakosa karatasi yake mashine ikidai, na wateja wao watausikia kuwa ni wa kwao.

Kwa ngoma ya kijiji, karatasi inahitaji mkono wa tatu. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, na Kondoa ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Vikundi vya sanaa husajiliwa BASATA kupitia ofisi hizo. Afisa huyo anaweza kukisaidia kikundi kupata usajili na akaunti ya pamoja, akashuhudia mkataba kati ya kikundi na mpiga video, na akatunza nakala ya rekodi yenye tarehe, majina ya waimbaji na jina la kijiji. Rekodi yenye tarehe ni ushahidi kwamba kikundi kilikuwa kikiimba hivyo kabla ya yeyote atakayekuja kudai baadaye. Msimu wa kurekodi ni baada ya mavuno, mtama na alizeti vikishaingia ndani, harusi zinapofuatana na vikundi vikiwa mazoezini karibu kila wiki. Swali litakalobaki mezani kwa afisa ni la mgawanyo: ngoma inayochezwa Haubi na pia Kolo, malipo yaende kwa kikundi kilichorekodiwa peke yake, au sehemu yake iwekwe kwenye mfuko wa sanaa wa kata zote zinazoicheza? Mimi ningeanza na kikundi kilichotoa jasho siku ya kurekodi, na kutenga sehemu ndogo kwa mfuko. Wazee wa Haubi na wa Kolo waulizwe kabla kamera haijawashwa, maana wao wanaweza kuwa na mgawanyo wao unaofahamika tangu zamani.